Profesa kwenye Lango la Zambarau

Profesa alipomwona mama mmoja akimtandika samaki rungu kandokando ya mfereji, alijua riziki yake imefika. Mtu mwingine angemwonea samaki huruma. Yeye alisimamisha lori, akainyoosha tai, akashuka.

Tuseme ukweli kuhusu huyu Profesa, maana mwenyewe hatausema. Chuo kikuu alikijua kwa upande wa nje, pale getini, alikokuwa akiuza kalamu. Lakini alikuwa na miwani, tai mbili na mkoba wenye vyeti kumi na saba, kila kimoja na muhuri uliopendeza kuliko wa serikali, kwa sababu aliuchonga mwenyewe na hakuwa na haraka. Siku hizo jambo moja tu lilimkosesha raha. Lori lake lilibeba nyavu nzito za chuma na mifuko ya saruji, mzigo alioutoa kwenye bohari ya idara ya maji kwa hati ya kughushi na tabasamu. Kuutoa kulikuwa rahisi. Kuuuza ndiko kulikomshinda. Kila mwenye duka la vifaa alizitazama zile nyavu, akaitazama rangi ya zambarau iliyopakwa pembeni mwake, akasema samahani, hana nafasi. Profesa aliamini hiyo ni rangi ya kuzuia kutu, na kwamba wafanyabiashara wa siku hizi hawana macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usikanyage hapo, panateleza."

"Huyo samaki amekukosea nini?"

Mama yule, ambaye kila mtu alimwita Mama Lango kwa sababu alikuwa ameliongoza lango lile la maji kwa miaka thelathini, alimnyanyua samaki kwa mkia. Samaki alikuwa mnene, mdomo mpana.

"Huyu tunamwita Mpangaji. Alikuja bila kualikwa, kodi halipi, na amekula kila kilichokuwamo ndani ya nyumba. Huko chini hakuna tena samaki wetu hata mmoja. Sasa anapanda." Akaonyesha upande wa juu wa lango, ambako maji yalikuwa safi na ya utulivu. "Samaki wetu wamebaki huko tu. Wanataga huko, na watu arobaini wanachota vifaranga huko kwa ajili ya mabwawa yao. Wiki ijayo mvua zinaanza, maji yatapanda, na huyu anajua kuruka. Akipita mmoja na mke wake, basi tena."

Profesa alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu. Aliona kwamba mlango wa kibanda cha yule mama ulikuwa wa zambarau, ndoo ya zambarau, hata usukani wa kufungulia lango ulikuwa wa zambarau. Akajiambia kwamba wazee wakipenda rangi, wamependa.

Mama Lango naye alikuwa akilitazama lori. Alizitazama nyavu, akazitazama pembe zake, kisha akaweka rungu chini taratibu.

"Mwanangu, wewe unafanya kazi gani?"

"Mimi, mama, ni mtaalamu wa vizuizi vya samaki," alisema Profesa, na taaluma hiyo ilikuwa na umri wa pumzi mbili.

"Basi Mungu ndiye aliyekuleta," alisema Mama Lango, na hilo alilisema kwa moyo wake wote.

Alasiri ile kamati ya maji ilikaa ofisini. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati lisilofunga, na picha ya mwenyekiti aliyotundika mwenyewe. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: maneno makubwa yalimlevya. Pembeni alikaa mwashi wa mfereji, mdogo wake Mama Lango, mikono imejaa sugu za mawe.

"Ukuta tunao," mwashi alieleza. "Nimeujenga kwa mawe, mwaka hadi mwaka. Kilichobaki ni wavu wa chuma juu yake, ulioinama kuelekea maji ya chini. Samaki akiruka anaugonga, anarudi alikotoka. Maji yanapita, yeye hapiti. Ila chuma hatuna, na saruji hatuna."

Profesa alimcheka kwa upole, kama daktari anavyomcheka mgonjwa aliyejitibu.

"Fundi, hiyo ni elimu ya babu zetu. Dunia sasa iko kwenye mtetemo wa kina wa majimaji."

"Mtetemo wa kina," mwenyekiti alinong'ona, macho yamelegea.

Profesa aliomba beseni na Mpangaji mmoja aliye hai. Akatoa kisanduku cheusi, ambacho ndani yake kulikuwa na simu yake tu, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Akakitumbukiza majini, akabonyeza. Kisanduku kikanguruma. Samaki akakimbilia upande wa pili.

"Mmeona wenyewe," alisema Profesa.

Mama Lango alinyoosha mkono wake mtupu juu ya beseni. Samaki akakimbia vilevile. Alikunja mkono. Mwenyekiti hakuona kitu, alikuwa ameshaanza kutafuta kalamu ya kutia saini.

"Na zile nyavu za kwenye lori ni za nini?" mwashi aliuliza.

"Za kupokelea mtetemo."

"Zote?"

"Mtetemo ni mwingi, fundi."

Hapo Profesa alitaja malipo ya awali, kwa sauti ya mtu asiyependa mambo ya fedha. Wenye mabwawa walikuwa wamechanga kwa muda mrefu, na bahasha yao ilikuwa kabatini, lile lisilofunga. Mwenyekiti aliinuka kuifuata.

"Taratibu, Mwenyekiti," alisema Mama Lango. "Kanuni ni kanuni. Malipo hayatoki mpaka vifaa vishushwe ukingoni na daftari litiwe saini. Alete kesho saa mbili. Na mimi nahitaji kitambulisho chake, nimwandikie kibali cha lori."

Vyeti bandia Profesa alikuwa navyo tele. Kitambulisho alikuwa nacho kimoja tu, cha kweli, maana kukighushi ni kosa ambalo hata yeye lilimtisha. Alisita. Kisha akaitazama bahasha, akakitoa. Hesabu yake ilikuwa fupi: atashusha mzigo, atachukua bahasha, atapakia mzigo tena, na kufikia saa nne atakuwa mbali akiwasikitikia.

Asubuhi alifika hata kabla ya saa mbili. Alishangaa kukuta watu wengi ukingoni, wanaume kwa wanawake, wamekunja suruali na kupandisha kanga, majembe mkononi.

"Wamekuja kukupokea," alisema Mama Lango. "Shusha vyote, mwanangu. Wakiona vichache watasema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Walimsaidia kushusha. Profesa hakubeba hata mfuko mmoja, na jambo hilo lilimfurahisha sana. Mama Lango akamfungulia daftari, akamwonyesha mstari. Bahasha ilikuwa imechomoza kwenye mfuko wa koti la mwenyekiti, na Profesa aliweka saini huku akiitazama hiyo bahasha.

"Twende ofisini, Profesa," mwenyekiti alisema. "Chai ipo tayari. Nina maneno machache."

Maneno machache ya mwenyekiti yalianzia kwenye uumbaji wa maji. Saa tatu alikuwa kwenye samaki kwa ujumla. Nje kengele ililia, Profesa akauliza ni ya nini, akaambiwa ni ya kazi, aendelee na chai. Saa nne mwenyekiti alifika kwenye historia ya kamati, makatibu wote kwa majina, pamoja na yule aliyejiuzulu. Profesa alikunywa vikombe vitano. Kila alipoinuka, mwenyekiti alimshika bega na kusema, "Sasa nakuja kwenye kiini."

Saa tano Profesa alichungulia dirishani. Mfereji haukuwa na maji.

Alitoka mbio bila kuaga. Chini mferejini watu walikuwa kwenye tope hadi magotini, na juu ya ukuta wa mawe nyavu zake zote zilisimama zimeinama kwa mstari mmoja, miguu yake imezama kwenye zege. Mwashi alikuwa akilainisha kwa mwiko, akiimba. Mifuko ya saruji ilibaki karatasi tupu.

"Mama," alisema Profesa, pumzi zikimkatika. "Mama, vifaa vyangu."

"Kaa chini kwanza, usije ukaanguka." Mama Lango alimsogezea kigoda. Kilikuwa cha zambarau. "Maji haya tunayafunga siku tatu tu kwa mwaka. Kengele ikilia, chochote kilichoko ukingoni kinaingia kazini. Ndivyo tunavyofanya kazi hapa, la sivyo kila kitu kingekuwa cha mwakani."

"Lakini ni mali yangu."

"Mwanangu, idara ya maji ina malango saba, na kila lango lina rangi yake. Wabebaji wengi wa bohari hawajasoma, ila rangi wanaiona. Kwa hiyo mzigo wa lango unapakwa rangi ya lango." Akagonga mlango wa kibanda chake. "Mzigo huu nimeuomba miaka mitatu. Juzi bohari wakaniambia umeshachukuliwa na mtaalamu mmoja mwenye tai. Nilikaa hapa nikalia kama mtoto. Kesho yake wewe ukaniamkia."

Profesa alitazama ndoo, mlango, usukani, kigoda. Alikuwa amewaingiza watu mjini maisha yake yote, na sasa alijileta mwenyewe, kwa lori lake, kwa mafuta yake.

"Kwa nini hukuita polisi?"

"Wangeuchukua mzigo uwe ushahidi. Kesi ikija kwisha, Mpangaji ana vitukuu. Mwenyekiti nilimwambia alfajiri. Aliona aibu sana. Nikamwomba afanye jambo moja tu analoliweza, ahutubie mpaka miguu ya nyavu ifunikwe zege."

"Na daftari?"

"Umetia saini kwamba umekabidhi mzigo wa Lango la Zambarau, kamili, bila malipo. Jina liko kama lilivyo kwenye kitambulisho. Bohari wanakuja kulisoma saa nane." Akatazama jua. "Sasa ni saa tano na kitu."

Mwenyekiti alifika akihema, akamkabidhi Profesa bahasha. Alionekana mwenye uchungu wa kweli, kwani hotuba ilikuwa haijaisha.

Chini ya ukuta kulikuwa kumebaki dimbwi. Mpangaji mmoja mkubwa alijikunja, akaruka juu kwa nguvu zake zote, akagonga wavu, akarudi majini kwa kishindo. Watu arobaini walishangilia. Mama Lango hakushangilia, alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Profesa alisimamisha lori tupu baada ya kona ya tatu, akaifungua bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi moja: cheti cha shukrani kwa aliyeleta vifaa vya kizuizi cha samaki, pamoja na tarehe na mahali. Muhuri ulikuwa umepinda, wino umetapakaa, kama ilivyo mihuri ya kweli. Na jina lilikuwa lile alilopewa na mama yake, bila kosa hata la herufi moja.

Alikisoma mara mbili, akakipanga mkobani pamoja na vingine. Sasa alikuwa na vyeti kumi na vinane, na cha kweli kilikuwa hicho kimoja tu, ambacho asingeweza kumwonyesha mtu yeyote.