Skolastika binti Gervasi na Waya wa Buluu

Sogeeni, enyi wa Gungu na Mwanga, enyi mnaoanika dagaa Kibirizi na mnaomenya mihogo Simbo! Mwenye mtoto amnyonyeshe kabisa, mwenye sufuria jikoni aipunguzie moto, maana habari hii haikatwi katikati. Ni habari ya Skolastika binti Gervasi, Mshika Fagio, Mtikisa Vumbi, mwanamke wa Simbo mwenye viganja vipana, na ya vita aliyoipigana kabla ya adhuhuri kwa silaha nene kama kidole cha mwisho.

Ulikuwa mwaka ule watu wa Burundi walipojaa Kagunga hata mchanga ukakosa pa kulala, na meli kongwe ikawa inawashusha Kigoma na magodoro yao, masufuria yao na wagonjwa wao. Gungu palikuwa na nyumba ya bati la kijani walikoandikishwa kabla ya kupanda mabasi ya kambini. Katika chumba cha mwisho cha nyumba ile lilisimama kabati la chuma lenye mlango wa kioo. Humo zilikaa seva mbili, na ndani ya hizo mbili ziliishi seva nane zisizo na mwili, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Moja ilitunza majina, nyingine picha, nyingine alama za vidole, nyingine ilitoa karatasi. Lakini hapakuwa na hata moja yenye mfuko wake! Mali yao yote, kila jina na kila uso, ililazwa katika sanduku moja la diski lililokaa pembeni juu ya meza, na kutoka kabatini hadi sandukuni ulipita waya mmoja wa buluu. Wa pili uliliwa na panya wakati wa Krismasi, na mwingine wa badala yake ulikuwa umeagizwa, nao ulikuwa unakuja.

Siku hiyo, saa nne na nusu, ngurumo ikaporomoka juu ya ziwa kama lori la mawe. Skolastika alikuwa peke yake chumbani na ndoo yake. Akafanya kama alivyofundishwa na mama yake tangu hajaota meno ya mbele: akafunika kila king'aacho, akachomoa kila kinachochomoka. Kitenge chake chenye maua ya njano akakitandaza juu ya kile kioo. Akaufikia umeme, akakumbuka. Nassib, fundi wa mitambo, kijana wa Pangani aliyeletwa huku na serikali, alimwapisha asiguse plagi ya umeme hata nyumba ikiwaka. Naye, mwanamke mtiifu, hakuigusa. Aliuchomoa ule wa buluu tu, akaukunja nyuma ya kabati kama mtu akunjavyo shuka ya mgeni.

Mvua haikunyesha hata tone. Ngurumo ilipita zake kwenda Kongo.

Ndipo kilio kikasikika ukumbini. Majina yamezama! Vioo vya kompyuta vimekuwa vyeusi, karatasi hazitoki! Na mbele ya dirisha la kwanza alisimama Mzee Ngendakumana, kofia mkononi, aliyevuka kwa boti tofauti na mkewe Niyokwizera. Mkewe alikuwa na karatasi yake, ameshapanda basi la saa sita, amekumbatia kuku. Karatasi ya mzee ndiyo iliyokuwa inasubiriwa, ili waandikwe nyumba moja. Basi la kesho lilikuwa la kambi nyingine, huko mbali Kibondo.

Nassib, Simba wa Pangani, Msoma Vitabu Vinene, akaruka kutoka kwenye chai yake. Akakiondoa kitenge kwa heshima, akidhani ni nguo iliyoanikwa, akaketi mbele ya mashine akaanza vita. Alizima, akawasha. Aliandika anwani, akazifuta, akaziandika tena. Jasho likamtoka, naye akasimama akahutubia chuma.

"Ewe sanduku la diski! Nimekukosea nini? Itifaki nimeifuata herufi kwa herufi! Kila seva kati ya hizi nane zilizoweka mali yao kwako inabisha hodi kwa jina lake, wewe unaitikia kwa jina lako, inaomba ukurasa, unaupeleka umefungwa vizuri na kupewa namba. Hayo ndiyo makubaliano yetu! Mbona leo hunijibu hata salamu?"

Mzee Ngendakumana alikuwa amefuata kelele hadi mlangoni. Akakohoa.

"Mwanangu, hizo seva nane, nazo ni wakimbizi?"

"Kwa nini, mzee?"

"Naona zimeacha vitu vyao vyote ng'ambo."

Nassib alitaka kukasirika, akacheka bila kupenda. "Ndivyo, mzee wangu. Na njia imekatika, sijui wapi."

Nje Dismasi, dereva wa basi, akapiga honi. "Dakika kumi na tano!" akanguruma. "Hata awe chifu, simngoji!"

Honi ile ikamchoma Skolastika chini ya titi la kushoto. Kazi hii ndiyo iliyomsomesha mwanawe Feliksi; akisema, huenda fagio lake likapewa mwingine. Akimtazama mzee, anaiona ile kofia inavyozungushwa, inavyozungushwa. Mana yanje, Mungu wangu! Akaitua ndoo, akakichukua kitenge chake, akajifunga upya kiunoni, akasimama katikati ya chumba.

"Mwanangu Nassib, acha kumsumbua shetani wa watu. Adui unayemtafuta ndani ya mitambo ni mimi hapa. Iliponguruma, niliuchomoa waya. Uko nyuma ya kabati, nimeukunja vizuri."

Nassib akachungulia nyuma ya kabati, akauona.

"Ulikuwa kwenye tundu gani, mama?"

"Nitajuaje? Nilifumba macho!"

Nassib akashika kichwa. Maana nyuma ya kabati palikuwa na ubao wa kuunganishia nyaya, uitwao swichi, wenye matundu ishirini na manne, kumi na tisa matupu, na moja tu lilijua barabara ya kwenda kwenye diski. Fundi aliyemtangulia alihamishwa Tabora pasipo kuacha mchoro wowote. "Kila tundu linataka dakika tatu za kujaribu," akasema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa. "Tumekwisha."

"Nipishe," akasema Skolastika.

Akapiga goti, akawasha tochi ya simu, akachungulia midomo ya matundu yale mmoja mmoja, kama apitaye kwenye foleni ya watoto kukagua masikio. Vumbi jekundu la Gungu analijua. Anapigana nalo kila siku. Nyuso za matundu huzifuta, ila ndani hakuruhusiwa kuingiza kidole. Tundu lisilo na waya hujaa vumbi. La kwanza, vumbi. La tano, vumbi na mguu wa mende. La kumi na saba: safi, linang'aa kama sahani ya sikukuu!

"Hili."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye nisiye na hakika ya vumbi?"

Akauelekeza mkuki wa buluu, akausukuma. Tik.

Taa ya kijani ikapepesa, ikatulia. Seva nane zikaamka moja baada ya nyingine, zikabisha hodi kwa majina yao, na sanduku likaitikia! Majina yakarudi, nyuso zikarudi, na mashine ikaitema karatasi ya Ngendakumana ikiwa bado na joto.

"Urakoze, mama," mzee akasema, akakimbia kama kijana wa miaka ishirini, kofia ikabaki sakafuni. Nassib akaiokota, akatoka mbio, akamrushia dirishani mwa basi.

"Umechelewa," akasema Niyokwizera, akisogeza kuku. "Keti. Nilishamwambia dereva ukibaki nami nashuka."

Basi likaondoka na wote wawili. Nassib akarudi chumbani, akamkabidhi Skolastika kalamu nene na kipande cha plasta, ili aandike kwa mkono wake namba kumi na saba juu ya waya. Basi ijulikane kwa wote, toka Kagunga hata Simbo: saa tano na dakika hamsini na sita, bila kumwagika damu wala maji ya ndoo, Skolastika binti Gervasi alichomeka waya.