Betri ya Pili ya Pikapu Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Nimepigwa na butwaa. Hata chai imenipoa mkononi. Jirani wa mbele, yule tunayemwita Bwana Mwanga kwa jinsi anavyopenda kuwasha vitu, ameamka na pikapu mpya. Mpya wapi! Ni ileile kuukuu, ila ameivisha. Taa sita juu ya paa. Spika mbili nyuma, kubwa kama makabati. Honi inayoimba. Watu wamejaa mlangoni kwake utadhani kuna kitu kinagawiwa bure. Mke wangu naye yumo! Anapiga makofi!

Pikapu yangu ina taa moja, nayo inakonyeza.

Sababu nimeijua. Jumamosi timu ya mtaa inacheza fainali, na mwenyekiti wa timu anatafuta gari la kuongoza msafara, lenye muziki na vinywaji baridi. Mtaa mzima utaliona. Atakayepata nafasi hiyo, kesho yake kila mtu mwenye mzigo atamwita yeye. Na mbeba mizigo wa mtaa huu ni mimi! Makochi ya mwenyekiti nimeyabeba mimi. Kabati la mkewe, lenye kioo, nimelibeba mimi, na kioo kilifika karibu chote. Lakini nani atakumbuka kabati mbele ya taa sita?

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea na bado hajamaliza, akasema gari langu halihitaji taa, linahitaji daktari wa kifua. Nikamwongezea chai. Mkwe ni mkwe. Ila nimeamua. Naweka betri ya pili!

Jumanne, 4 Juni

Gereji kwa shemeji, mdogo wake mke wangu. Fundi umeme wa magari. Mikono ya dhahabu, ulimi wa pilipili. Akanieleza kwamba betri ya pili si mchezo. Lazima kuwe na relei ya kuzitenganisha mbili hizo, vikorokoro visije vikanyonya hata ile ya kuwashia injini. Waya uwe mnene. Fyuzi ikae karibu na betri. Nikaitikia kwa kichwa kila neno. Nilielewa "betri" na "pili".

Akasema nimpelekee gari wiki ijayo, ana foleni. Wiki ijayo! Akanionya nisiguse kitu. Nikamwambia shemeji, mimi ni mtu mzima. Akaonekana kushangaa, kana kwamba habari hiyo haijawahi kumfikia.

Nikapitiliza hadi kwa mwenyekiti. Nikamwambia gari langu litakuwa na kijokofu. Kijokofu! Bwana Mwanga hana. Macho ya mwenyekiti yakang'aa. Akaamua papo hapo: Bwana Mwanga atabeba wachezaji, mimi nitabeba vinywaji na kipaza sauti. Nusu ya ushindi!

Sina kijokofu. Sina betri. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jumatano, 5 Juni

Nimeinama. Mvunguni mwa kitanda cha mama mkwe kuna betri!

Ni ya mashine yake ya kuangulia vifaranga. Alikuja nayo, imejaa mayai, anayaongelesha kama wajukuu. Anasema yamebakiza siku chache. Mashine inatumia umeme wa nyumba. Betri inangojea umeme ukatike. Na umeme haujakatika tangu aje. Betri imelala tu, inanenepa. Alipoingia kuoga nikaiazima. Mahali pake nimeweka tofali, nikalifunika khanga. Lo, akili gani hii!

Kijokofu nimekipata kwa muuza vyuma chakavu, pamoja na taa, spika na honi, tukabadilishana na tairi. Kijokofu chenyewe ni boksi dogo la kukaa ndani ya gari. Lina nyaya mbili tu, na rangi zake zimefifia. Hasi ipi, chanya ipi? Nimesikiliza moyo.

Betri nimeifunga nyuma kwa kamba ya kuanikia nguo. Waya nimeukata kwenye pasi ambayo mke wangu haipendi sana. Nikaupitisha chini ya kiti cha abiria. Fyuzi nimeiacha. Ni mambo ya waoga.

Halafu spana ikanitoka mkononi, ikalala juu ya vichwa vyote viwili vya betri. PAA! Cheche! Nilikuja kujikuta nimekaa ndani ya beseni la nguo, sharubu za upande mmoja zimejikunja kama mkia wa nguruwe. Spana imegandana na betri kana kwamba imechomelewa. Nimeing'oa kwa nyundo.

Lakini vinawaka! Taa, spika, honi, vyote! Shemeji na afunge gereji.

Alhamisi, 6 Juni

Gari haliwaki. Nazungusha ufunguo, kimya. Haiwezekani! Nina betri mbili! Kumbe zote mbili zimekauka. Vikorokoro vimezinyonya zote nikiwa nimelala.

Na nani akaja kunisaidia? Bwana Mwanga. Na nyaya zake za kuamshia, mswaki mdomoni, mbele za watu. Akaunganisha, gari likanguruma, akanipigapiga begani. Bega limeniuma kutwa.

Si hilo tu. Nikikanyaga breki, honi inalia. Nilimkaribia askari wa barabarani kwa heshima zote, taratibu, nikapunguza mwendo. Honi ikampigia kelele usoni. Aliruka hadi filimbi ikamtoka mdomoni! Akauliza kama namfukuza kazini kwake. Nikamweleza kwamba nilikuwa nasimama tu. Akaniamuru nisogee mbele nisimame vizuri. Nikasogea. Nikasimama. Honi.

Tulirudia hivyo mara nyingi. Mwishoni akaniomba niende zangu, kwa sauti ya mtu aliyechoka na maisha.

Ijumaa, 7 Juni

Umeme umekatika! Mtaa mzima!

Mama mkwe hakushtuka. Alisema yeye hana wasiwasi, mayai yake yana betri. Nikamwona anainama. Nikamwona anainua khanga.

"Mkwe," akaniita, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia na sitaki kuisikia tena. "Hili ni tofali."

Nikasema ndiyo, mama. Ningesema nini? Lilikuwa tofali kweli.

Nikakimbilia garini kuing'oa betri. Nikagusa chupa za soda nilizokuwa nimezijaribishia kijokofuni tangu asubuhi. Mungu wangu! Zimeniunguza! Soda imechemka kama chai ya msibani. Nimejipatia jokofu linalopika!

Nikasimama pale, vidole mdomoni. Ndipo wazo likashuka. Mayai yanataka nini? Joto! Nikarudi ndani nimetanua kifua, nikamwambia mama kwamba betri niliichukua makusudi, nimtengenezee mashine inayotembea, nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza. Mke wangu akaenda kusimama chumba kingine.

Mama mkwe akanifuata garini, akatumbukiza mkono kwenye boksi, akaweka kiganja shavuni. Akasema ni moto mno, ila kifuniko kikiachwa wazi kidogo patafaa. Akayahamisha yai moja moja ndani ya taulo. Hakunishukuru. Alisema tu kwamba mayai yake hayaendi popote bila yeye. Kwa hiyo kesho anakuja fainali. Kiti cha mbele.

Na vinywaji baridi? Nitafikiria.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nguo zikinuka moshi.

Umeme haukurudi; usiku kucha niliiacha injini ikinguruma, betri zisikauke tena. Tuliondoka na msafara: Bwana Mwanga mbele na wachezaji wake wakiimba, mimi nyuma na mama mkwe na boksi la mayai katikati yetu. Kila breki, honi. Mashabiki walidhani ni shangwe wakaitikia. Nikaanza kuamini ni ufundi.

Mapumziko, bila bila. Wachezaji wakaja mbio kwenye gari langu, ndimi nje. Golikipa akafungua boksi mwenyewe. Akapiga yowe! Kifaranga kimechungulia nje ya ganda kinamtazama. Mwenyekiti akauliza maji yako wapi. Nikasema kwa kweli, mwenyekiti, hilo ni swali zuri.

Nikakimbia kutafuta maji. Kipaza sauti nikakiacha kitini, karibu na mama mkwe. Nilidhani nimekizima.

Nipo katikati ya uwanja nikasikia sauti yake ikitoka mbinguni. Alikuwa anavieleza vifaranga kuhusu mimi. "Msiogope, wanangu. Mkwe wangu si mtu mbaya. Ila kichwani mwake walipounganisha, walibadilisha nyaya." Uwanja mzima ukanyamaza kusikiliza. Akaeleza habari za tofali. Akaeleza habari za pasi. Mke wangu, alipokuwa jukwaani, akasimama: ndiyo kwanza anajua ya pasi! Nyuma ya maneno hayo, chwi, chwi, chwi. Mashabiki wa wapinzani wakaanza kutuita vifaranga.

Kisha sauti ikasema, "Mbona kiti kinaungua?"

Nikageuka. Moshi! Moshi mweusi unatoka dirishani, na mama yule yumo ndani! Sijui nilikimbiaje. Nilimsahau mwenyekiti, nikasahau fainali. Nilikuwa napiga kelele mama, mama, kama mtoto. Mlango umegoma, ule ambao huwa unagoma. Nikauvuta, miguu yote miwili nimeikita ubavuni mwa gari. Ukafunguka, nikaanguka chali, na mama mkwe akatoka juu yangu akiwa amekumbatia boksi.

Shemeji alikuwa jukwaani pia. Alifika na koleo, akakata waya nyuma ya gari kwa mkato mmoja. Bwana Mwanga akamwaga mchanga kitini. Moto ukafa. Hakuna aliyeumia. Nilikaa chini palepale.

Mama mkwe alihesabu vifaranga, akavirudia. Vyote hai. Kisha akanitazama pale chini, akanifuta masizi usoni kwa pindo la khanga yake, kwa nguvu kidogo. Hilo limenishtua kuliko moto.

Timu yetu ilishinda. Maji wachezaji walikunywa kwa Bwana Mwanga. Alikuwa nayo chini ya kiti siku zote, kwenye ndoo ya barafu. Ndoo!

Jumapili, 9 Juni

Shemeji amekuja na kutoa nyaya zangu zote. Alieleza mbele ya familia. Waya mwembamba ulikuwa unasugua chuma cha kiti. Mama alipokaa, ukachunika. Fyuzi ingekatika yenyewe, lakini fyuzi haikuwepo. Kijokofu nacho ni cha aina ile ambayo ukigeuza hasi na chanya, kinapasha moto. Mke wangu akauliza kama nimeelewa. Nimeelewa. Akaniapisha nisiguse tena waya wowote wa pikapu yangu. Nimeapa kwa dhati. Machozi yalinitoka kweli.

Kutwa nimetafakari. Nimeliona kosa langu. Ni dogo mno! Pikapu haikuwa na nguvu ya kutosha.

Shemeji amealikwa chakula, wako ndani wanakula. Gari lake la kazi liko getini. Lina betri kubwa, na relei, na fyuzi, kila kitu alichokisema. Na kiapo kilikuwa juu ya pikapu yangu. Gari hili si pikapu, wala si yangu.

Naandika nikiwa ndani yake. Nimeunganisha waya mmoja tu, wa kujaribu. Kama kweli huu mwekundu ndio

Honi! Haizimiki! Na vifuta kioo vinacheza! Nimebonyeza kila kitu! Mlango wa nyumba umefunguka. Wametoka wote watatu. Koleo amelishika mama mkwe.