IRM ya Goti Mbele ya Baba Mkwe

Jamani, leo nimejidhalilisha. Tena si mbele ya mtu yeyote tu. Mbele ya baba yake Aline!

Aline ni mchumba wangu. Jumamosi hii baba yake alikuwa atupe jibu, kama naruhusiwa kuwaleta wazee wangu wazungumze mahari. Mzee ni dereva wa malori mstaafu, mtu aliyezoea kulala porini na gari bovu. Mimi wa kukaa ofisini ananiona mlaini. Kila nikienda kwao Kibenga huniuliza, "We mutu wa biro, shida ikikukuta usiku utafanya nini?"

Sasa, goti langu limevimba tangu nicheze mpira na wenzangu wa kazini (nilicheza dakika chache, msiulize). Daktari akaniandikia IRM, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Mzee akasema mgonjwa haendi hospitali peke yake, atanisindikiza. Nikafurahi! Nikajua leo ndiyo leo, atanitambua mimi ni mwanaume wa aina gani.

Tatizo ni rafiki yangu Bosco. Yeye alipigwa IRM ya kichwa. Jana akanipa ushauri: "Unaingia mu shimo muzima muzima. Funga macho kabla ya kulala, usifungue mpaka wakutoe."

Basi, tukafika kliniki, Rohero. Dada wa mashine akatuambia tuweke kando saa, mkanda, simu, kila chenye chuma. Akamruhusu mzee aketi ndani, karibu nami, na kofia yake ya kitambaa mkononi. Kisha akaanza kunieleza.

"Haiumi, papa. Itapiga makelele sana, lakini haiumi. Usitikise muguu. Alafu tutaingiza..."

Nikamkata. "Mademoiselle, we fanya kazi yako. Mi siogopi kitu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Heshima! Nikalala, macho nimeyafumba kabisa. Nikawekewa vizibo masikioni, nikapewa kipira cha kubonyeza nikizidiwa. Kitanda kikasogea.

Mashine ikaanza. Ta-ta-ta-ta-ta! Nikahisi shimo limenibana mpaka puani. Jasho. Giza totoro. Pumzi ikakatika (ilikuwepo, nimeambiwa baadaye). Nikapiga kelele, "Nakosa hewa! Hewa!"

Mara nikasikia kaupepo usoni. Nikasema, "Asante Bwana Yesu!" Kaupepo kakazidi. Nikapata nguvu ya kulia vizuri zaidi: "Mama yangu wee! Munitoe mu shimo, mi sijaoa bado!" Na kile kipira nikakibonyeza mpaka vidole vikauma.

Kelele za mashine zikakoma. Mtu akanichomoa kizibo kimoja sikioni.

"Kijana," ilikuwa sauti ya mzee. "Fungua macho."

Nikafungua. Taa. Dari. Dada wa mashine amejishika mdomo. Kichwa changu kilikuwa nje. Kifua nje. Kilichoingia mashineni ni miguu tu, mpaka kiunoni! Na mzee ameniinamia, ananipepea kwa kofia.

"Shimo iko wapi?" akaniuliza.

Dada akasema picha zimeharibika, nilirusha mguu, itabidi turudie. Tukarudia. Safari hii macho wazi, na mzee akaendelea kunipepea bila kuombwa. Sijawahi kuona aibu kama ile maishani mwangu.

Jioni hii Aline amepiga simu. Nikajua uchumba umekwisha. Akaniambia baba yake hangoji tena Jumamosi. Amekubali, wazee wangu waje!

"Kwa nini?" nikauliza.

"Anasema mwanaume muoga vile hawezi kulala inje ya nyumba yake hata siku moja."

Mnaocheka nawaona. Magoti mnayo na nyinyi.