Uzinduzi wa Barakoa za Kona Baridi

Inatangazwa kwa wananchi wote, wadau wa maendeleo na marafiki wa afya kwamba Hospitali ya Kona Baridi, iliyo kwenye barabara ya Subukia, haina tena uhaba wa vifaa vya kujikinga. Vifaa vimefika. Makasha mia mbili na arobaini ya barakoa, glavu na ovaroli nyeupe yamepangwa ghalani hadi darini, na mlango umefungwa utepe mwekundu. Kilichobaki ni kitu kimoja tu, nacho ni kidogo: vizinduliwe.

Maneno hayo yalitungwa na Bwana Kang'ethe, Mratibu wa Vifaa, na yakabandikwa langoni mwezi wa saba, mwaka ule wa korona. Kang'ethe alisimama nyuma ya watu waliokuwa wakiyasoma, asikie nani atayasifu. Hakuna aliyeyasifu. Alijiliwaza kwamba wananchi wengi husifu kimoyomoyo.

Tumwelewe vizuri. Kang'ethe hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu. Alijua kwamba kitu cha serikali hakianzi kazi mpaka kikatiwe utepe. Choo cha soko hukatiwa utepe. Bomba la maji la mtaani kwao lilizinduliwa mara mbili, mara ya pili likiwa na maji. Iweje basi barakoa, kitu cha kuvaliwa usoni pa mtu mzima mwenye kura, itumiwe kienyeji tu, bila hema, bila maombi, bila picha?

Mgeni rasmi alikuwa awe Mheshimiwa kutoka makao makuu ya kaunti. Lakini Mheshimiwa alikuwa na shughuli nyingi. Aliahirisha wiki ya kwanza, akaahirisha ya pili, na kufikia ya sita utepe ulikuwa umepauka kwa jua. Kang'ethe hakukata tamaa. Alinunua mwingine, mita kumi na tano, ili fundo lake lionekane vizuri kwenye televisheni.

Muuguzi mkuu wa wodi ya kutenga wagonjwa alikuwa Milcah Nakhumicha, mama mfupi ambaye babu yake alifanya kazi relini akamrithisha sauti ya kusimamisha treni. Kila asubuhi Milcah aliingia wodini akiwa amevaa koti la mvua la manjano, na miguuni mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku miaka mitatu nyuma. Asubuhi moja alimvizia Kang'ethe pale anapoegesha gari.

"Boss, hizo barakoa zinatoka lini?"

"Sista, zimeshatoka. Zilitoka Nairobi. Sasa ziko kwa hatua ya pili."

"Hatua ya pili ni gani?"

"Kukaa."

Milcah alimtazama kama mtu anayepima joto. "Chepkorir ameanza kukohoa. Yule msichana amekaa na barakoa moja siku nne, akifika nyumbani anaianika kwa kamba. Wauguzi wengine wawili wako karantini. Nikianguka mimi, hapa hakuna mtu."

"Pole sana," alisema Kang'ethe, na alimaanisha. "Nitamweka kwenye hotuba."

Milcah akaenda moja kwa moja kwa Ogola, mtunza ghala. Ogola alikuwa na funguo zote kiunoni, na hakuna aliyewahi kumwona akifungua chochote haraka.

"Sista, kufuli si shida," alisema. "Hata kama ingekuwa kufuli tatu. Shida ni huo utepe. Mimi nikiugusa tu, kazi imeenda, na niko na watoto shule."

Jumatatu iliyofuata Kang'ethe alitoa Waraka Nambari Saba ili kuondoa mkanganyiko. Waraka ulisema kwamba kifaa kisichozinduliwa hakitumiki. Ulisema kwamba vifaa vitazinduliwa na mgeni rasmi, au mwakilishi wake, kwa kufuata ratiba iliyoambatishwa. Uzinduzi ulioruka hata kipengele kimoja ni batili, na mtunza ghala atawajibika. Ulisema pia kwamba makoti ya mvua yanaharibu sura ya hospitali kwenye picha. Koti la Milcah likachukuliwa, likatundikwa kwenye kabati la Kang'ethe, likafungiwa humo. Tangu siku hiyo Milcah aliingia wodini akiwa amejifunga leso mdomoni.

Hatimaye habari njema ikaja. Mheshimiwa alithibitisha kwamba atafika Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kang'ethe hakulala kwa furaha. Jumatano aliita mazoezi ya uzinduzi katika ukumbi wa hospitali, pamoja na kwaya ya watu thelathini iliyotungiwa wimbo wa kuhamasisha umma kukaa mbalimbali. Madirisha yalifungwa ili sauti isitoroke. Waliimba kutoka saa tatu hadi saa saba, wakiwa wamebanana ili waenee kwenye picha. Barakoa hawakuvaa, kwa sababu zilikuwa hazijazinduliwa. Mzee mmoja wa besi alipiga chafya mara mbili, na kwa kuwa zote ziliangukia kwenye mdundo, Kang'ethe alishauri zibaki.

Jumanne iliyofuata Kang'ethe alimlaumu mkewe Wamaitha kwamba chai haina tangawizi. Wamaitha akaleta kipande kizima, akamwekea puani. Kang'ethe hakusikia harufu yoyote. Jumatano kifua kikabana. Alhamisi asubuhi alishindwa kupanda ngazi tatu za ofisi yake, na kufikia saa nne alikuwa amelazwa kitanda namba nne katika wodi ya kutenga wagonjwa, akitazama dari ambayo aliwahi kuitolea ripoti kwamba imekarabatiwa.

"Karibu, boss," ilisema sauti kutoka kitanda namba tatu.

Alikuwa Chepkorir. Mipira ya oksijeni ilikuwa imemwingia puani na macho yamezama, lakini alikuwa anatabasamu.

"Chepkorir! Uko hapa tangu lini?"

"Tangu wiki jana. Ulisema utaniweka kwa hotuba. Bado niko ndani?"

Kang'ethe aliona aibu. Iliingia polepole, kwa kuwa ilikuwa haijazoea njia. Alikuwa bado anatafuta jibu Milcah alipoingia na leso yake mdomoni, akamwinamia, akamfunga mipira ya oksijeni. Uso wake ulikuwa karibu sana. Kang'ethe aliona maua ya ile leso, na juu yake macho yaliyokosa usingizi. Kisha Milcah akageuka upande, akakohoa. Mara moja tu, kikohozi kidogo.

Kang'ethe alipiga hesabu. Wauguzi wawili wako karantini. Mmoja yuko kitanda namba tatu. Aliyebaki ndiye huyu, na ndiye huyu anayejua kufungua mtungi wa oksijeni.

"Sista," alisema, roho mkononi. "Hicho kikohozi..."

"Sijui, boss. Pengine ni vumbi, pengine ni yenyewe. Kesho tutajua."

"Mwite Ogola!"

Ogola alikuja dirishani. Ghala lilikuwa ng'ambo tu ya uwanja, na kutoka kitandani Kang'ethe aliona fundo la utepe wake liking'aa.

"Fungua ghala," Kang'ethe alihema.

"Boss, utepe."

"Kata!"

"Na mgeni rasmi?"

"Mimi... ni mwakilishi wake."

Ogola alifikiri. Kisha akatoa Waraka Nambari Saba mfukoni, akaukunjua. "Basi iko sawa. Lakini boss, kuna ratiba. Ukiruka kipengele ni batili, na mimi ndiye nitawajibika. Ni wewe uliandika. Tunaanza na maombi."

Kang'ethe akatamani kumlaani mwandishi wa waraka ule. Akakumbuka ni nani.

Milcah aliinamisha kichwa. "Bwana, unaona. Amina."

"Kipengele cha pili," Ogola akasoma, "wimbo wa kwaya."

Kwaya haikuwepo, nusu yake nayo ilikuwa inakohoa majumbani. Chepkorir aliimba peke yake akiwa chali, ubeti mmoja, akipumzika kila baada ya maneno mawili, na pale pa chafya akaweka kikohozi. Ogola akapiga makofi kama ratiba ilivyoelekeza.

"Kipengele cha tatu, kuwatambua waheshimiwa waliohudhuria kwa vyeo na majina yao."

Kang'ethe alifungua kinywa. Pumzi haikutosha hata kwa cheo kimoja. "Itifaki," alisema, "imezingatiwa." Kwa miaka kumi na nane alikuwa ameyasema maneno hayo kisha akaendelea kwa saa nzima. Sasa ndipo alipojua kazi halisi ya maneno hayo: kuokoa pumzi.

"Kipengele cha nne, hotuba. Dakika arobaini na tano."

Kang'ethe akageuza kichwa kuelekea kitanda namba tatu.

"Chepkorir," alisema. Akavuta hewa. "Nimekosa. Nisamehe."

Ogola alisubiri. Alipoona hakuna kingine, akatia alama kwenye karatasi. "Hotuba imetolewa. Kipengele cha mwisho."

Alikwenda, akafungua fundo, akauvuta ule utepe kukatiza uwanja mpaka dirishani. Mita kumi na tano zilifika na zikabaki. Milcah akampa Kang'ethe mkasi wa bendeji. Haukuwa wa sherehe, lakini mkasi ni mkasi, na utepe ukakatika.

Baada ya robo saa mlango wa wodi ulifunguliwa, akaingia mtu mweupe kuanzia kichwani hadi vidoleni, miwani machoni, ngao usoni, na kiunoni ovaroli ikiwa imebanwa kwa kipande cha utepe mwekundu.

"Nani huyo?" Kang'ethe aliuliza.

"Ni mimi, boss," ilijibu sauti ya treni. "Nimezinduliwa."

Siku ya pili, Ijumaa, Mheshimiwa aliwasili na magari saba na wapiga picha. Hema lilikuwepo, viti vimevishwa nguo nyeupe. Lakini ghala lilikuwa wazi na makasha kumi yalikuwa yameshafunguliwa. Kwenye kibao cha marumaru cha uzinduzi, pale jina la Mheshimiwa lilipochongwa, palibandikwa plasta pana ya kidonda, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: *Mgonjwa wa Kitanda Namba Nne*.

"Nani huyu?" Mheshimiwa aling'aka. "Nataka kumwona sasa hivi!"

Milcah alimzuia mlangoni kwa mkono wenye glavu. Majibu ya kipimo chake yalikuwa yametoka asubuhi hiyo: hakuwa na ugonjwa. "Mheshimiwa, huku haingii mtu bila barakoa."

"Basi nipe moja!"

Ogola alikohoa kidogo kwa adabu, akafungua karatasi yake. "Mheshimiwa, hayo makasha yalizinduliwa kwa wafanyakazi. Barakoa za wageni ziko kwa hatua ya pili. Bado hazijazinduliwa."

"Na nani wa kuzizindua?"

Ogola alionyesha dirisha la wodi. Ndani, Chepkorir alikuwa ameketi akinywa uji. Pembeni yake Kang'ethe alikuwa ameegemea mito miwili, mipira puani, mkasi bado uko juu ya meza yake. Nje, Mheshimiwa alimtambua, akaandika papo hapo barua ya kumtaka ajieleze kwa nini asifutwe kazi, akamtikisia dirishani. Wapiga picha walikuwa wamenyanyua kamera.

Kang'ethe aliitazama barua. Akamtazama Chepkorir, ambaye alimnyooshea kikombe. Akavuta pumzi, ya kwanza iliyofika chini tangu Jumatano.

"Ogola," alisema, "mwambie mgeni rasmi nina shughuli nyingi. Tumeahirisha kwa wiki sita."