Hotuba ya Kupatanisha Kanzidata Mbili za Hospitali

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, aliyepata udhuru akaniomba nimkaimu. Mganga Mkuu uliyesimama kwa kukosa kiti. Wakurugenzi, wasaidizi wao na wasaidizi wa wasaidizi. Wauguzi mliotolewa wodini kwa amri yangu. Wagonjwa mnaoweza kukaa na ninyi mliobebwa: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mgonjwa mmoja anakohoa. Anahesabiwa kuwa ameshangilia.)

Ndugu zangu, leo tunahitimisha Mradi wa Utatuzi wa Migongano ya Usakinishaji wa Kanzidata. Najua wapo watakaouliza, kanzidata ni mdudu gani? Kwa lugha nyepesi, ambayo nimejishusha kuitumia, kanzidata ni kabati la kidijitali ambamo jina lako, damu yako na ugonjwa wako vinakaa pamoja kwa amani, ili daktari akibofya tu, huyo umetokea, mzima kabisa, hata kama mwenyewe u mahututi. (Vicheko vya wakurugenzi.)

Sasa, tulipoazimia kuhama kutoka kanzidata ya zamani kwenda toleo jipya, fundi wetu wa kompyuta alitutahadharisha kwamba zote mbili zinatumia mlango mmoja wa seva, yaani kompyuta mama, na ukiweka mpya kabla ya kuiondoa ya zamani zitagombana na hakuna itakayowaka. Akasema, "Mzee, toa kwanza ile ya zamani, safisha mabaki yake, ndiyo uweke mpya." Nikamtazama nisiamini. Niitoe kanzidata niliyoizindua mimi, kwa mkasi wangu, kwa utepe niliouchagulia rangi? Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, lakini wahenga hawakuwa na kamati! (Makofi.) Sisi tuliunda Kamati ya Usuluhishi, Kamati Ndogo ya Mlango, na Kikosi Kazi cha kwenda kujifunza mahali penye milango mingi, yaani hotelini, ambako tulilala, tukaamka, tukalala tena, yote kwa ajili yenu.

Na matunda yameonekana. Tumefikia asilimia mia na kumi na mbili ya malengo, na hizo kumi na mbili tumewawekea akiba. Tangu mradi uanze, sikilizeni vizuri, hakujatokea mgongano hata mmoja! (Makofi hafifu. Mwanamke mmoja anasimama: "Na mume wangu je?")

Mama, maswali ni baada ya hotuba. ("Mume wangu yuko wodini, tumbo limemvimba, anatakiwa kupasuliwa leo. Safari iliyopita alipopasuliwa, dawa ya usingizi nusura imuue. Daktari hamgusi mpaka aone kwenye faili ni dawa gani, na kila nikienda dirishani naambiwa mfumo umegoma!")

Pole sana shemeji yangu. Subira yavuta heri. Faili la bwana lipo, tena salama salimini, pamoja na mafaili yote ya karatasi, ambayo niliagiza yafungiwe stoo ili karatasi isije ikagombana na dijitali. Mlango ni wa chuma, na ufunguo ninao mwenyewe, humu kwenye koti, upande wa moyo. Hautoki mpaka mfumo uwake! (Minong'ono. Mganga Mkuu anavua miwani.)

Tuchangamke kidogo. Nikisema "Kanzidata!" mnaitikia "Iwake!" Kanzidata! ("Faili!") Hapana, "Iwake." Tunasonga mbele! ("Ufunguo!") Naona ari ni kubwa.

Kwa kumalizia, namshukuru fundi wetu, ambaye miaka yote hii amefanya kazi kwa uzalendo bila kompyuta. Namshukuru seremala kwa meza hii imara itakayobeba seva siku ikinunuliwa. Nalishukuru duka lililotuazima boksi hili chini ya kitambaa, linalokaimu seva, ambalo nawaomba wapiga picha wasilisogelee, kwa sababu ubavuni limeandikwa friji. Na kwa namna ya pekee nazishukuru kanzidata zenyewe, ya zamani na mpya, ambazo hazijawahi kugombana kwa kuwa hatujawahi kuwa nazo. (Kelele. Mwanamke anapanda jukwaani.)

Mama, huku ni kwa viongozi. Muuguzi, mshike! Muuguzi, mbona unanishika mimi? Mganga Mkuu, wewe ni msomi, waambie kitu! (Mganga Mkuu anamshika Mwenyekiti mkono wa pili. Koti linamtoka. Mwanamke anakimbia nalo kuelekea stoo, umati nyuma yake.)

Asanteni kwa kunisikiliza! Asanteni sana! Mama, ufunguo chukua, lakini koti nirudishie! Humo mna hotuba yangu ya Ijumaa, ya rambirambi kwa wote waliofariki wakisubiri mfumo, imeshapigwa chapa, na mumeo tulishamhesabu!