Wiki Niliyoupinga Mtaala Mpya

Jumatatu, 2 Februari 2026
Mtaala mpya umetufikia. Madamu Bertila, mkufunzi wetu wa hisabati hapa chuo cha ualimu, katangaza kwamba kusomewa notisi basi. Kila mwanachuo atafundisha watoto wa shule ya msingi kule Kasense, kwa zana alizotengeneza mwenyewe. Atakayeshindwa haendi mwaka wa pili. Nimeumia. Nilishakariri daftari zima la kaka Isdori, aliyemaliza hapa kwa mtaala wa zamani. Kurasa tisini na sita.

Jumanne, 3 Februari
Nimeandika barua kwa niaba ya darasa: mtaala umetuondolea ari ya kujifunza. Wote wamesaini isipokuwa Kashinje, yule mtoto wa wafugaji. Anasema ari anayo, anachokosa ni mkasi. Mkasi wa chuo ni mmoja, umefungiwa kabatini kwa mkuu. Huyu Kashinje ni mtu wa kujipendekeza sana.

Jumatano, 4 Februari
Madamu kaisoma barua mbele ya wote, akauliza nini kingeturudishia ari. Nilitegemea waseme notisi. Herieth akataka vifaa. Asnath akasema wakufunzi wenyewe wafundishwe kwanza. Madamu akakiri semina yake ilikuwa ya siku mbili, na ya kwanza iliishia kwenye hotuba za ufunguzi. Wakacheka pamoja, wakaelewana. Mimi nikasahaulika, mpaka aliponigeukia.
“Dominiko, wewe unayeijua ari vizuri, Ijumaa utaanza.”

Alhamisi, 5 Februari
Zana sina. Nimekwenda kuchungulia za Kashinje: viazi na kisu. Hizo nazo ni zana? Akaniomba tufanye mazoezi jioni. Nikamwambia nina kikao. Nikaenda kulala.

Ijumaa, 6 Februari
Matope njia nzima. Darasa la nne, watoto themanini na wawili. Nikatamka maana ya sehemu kama ilivyo daftarini. Binti wa dawati la mbele, Evodia, akanyoosha mkono.
“Mwalimu, nusu na robo, ipi kubwa?”
Nikamjibu robo, maana nne inazidi mbili. Akasema kwao anayepewa robo ya kiazi hulia. Darasa likaangua kicheko, kisha wakanisema kwa Kifipa. Bahati mbaya Kifipa nakijua.
Kashinje, aliyekaa nyuma na wanachuo wengine, akasimama, akamkabidhi Evodia kiazi na kisu awagawie wenzake. Dakika kumi baadaye watoto waligombea zamu ya kukata. Hata mimi robo niliielewa. Nusura nimwambie asante.

Jumapili, 8 Februari
Madamu kanipa nafasi ya mwisho, Jumatano. Kashinje kaja bwenini kusema bado yuko tayari tufanye mazoezi. Nimemweleza kwa upole kwamba tatizo si mazoezi. Nimelitafakari tangu misa ya asubuhi na kosa nimelipata: darasa la nne wanajua mno. Kesho naomba nihamishiwe darasa la kwanza. Wale sehemu hawajazifikia, kwa hiyo nikikosea hakuna atakayegundua.