Kingamwili Kwenye Jamu ya Maziwa

Jumatatu, 9 Juni

Imefika! Kingamwili yetu, iliyokwama forodhani tangu kiangazi. Kichupa chenyewe hata kidole hakijai. Kazi yake kuinasa protini inayobeba mizigo ndani ya seli, ionekane pichani kama mstari mmoja mweusi. Daktari Zulma, mkuu wa maabara, kasema atakayemletea mstari safi Ijumaa ndiye atakayekwenda mkutanoni Valparaíso. Yaani mimi, Wilmar Etcheverry. Si mwenzangu Rosina Bentancur! Bahati iliyoje: kifurushi nimekipokea peke yangu. Wenzangu walikuwa jikoni na kibuyu cha yerba, majani yetu ya chai, kama kawaida. Kopo la yerba maabara hii halifungwi kifuniko kutwa. Nimenyamaza kimya.

Jumanne, 10 Juni

Nimekificha. Friji ya jikoni, ndani ya mtungi wa jamu ya maziwa, ile ya maziwa na sukari iliyochemshwa hadi ikawa karameli, kimefungwa nailoni, kimezama hadi chini. Akili hizo! Rosina kauliza kama forodha wamesema lolote. Nikamwambia forodha ni forodha, dada yangu, tumwachie Mungu. Akasema basi atatumia masalio, ile kingamwili ya zamani iliyozimuliwa, tunayoitumia na kuirudisha friji, tukaitumia tena. Masalio! Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Jumatano, 11 Juni

Mvua. Na mvua ikinyesha Montevideo, kila mtu hukaanga maandazi. Daktari Zulma mwenyewe kashika karai. Nilikuwa nimejikalia raha mustarehe, mara namsikia anauliza jamu ya maziwa iko wapi. Mama yangu! Nikaruka, nikampokonya mtungi. Nikasema imechacha. Akasema kainunua juzi tu. Nikasema ndiyo hivyo, maduka ya siku hizi hayana haya. Wakala maandazi makavu huku wakinikodolea macho. Rosina akauliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia, harusi yangu na huo mtungi ni lini. Kichupa salama.

Alhamisi, 12 Juni

Maelekezo yanasema tone moja kwenye maji mengi. Tone moja! Uchoyo gani huo? Nimekichomoa kichupa jamuni, nikamimina karibu chote. Rosina yuko meza ya pili na masalio yake, anajiimbia. Nimemwonea huruma, kweli.

Ijumaa, 13 Juni

Picha yangu nyeusi tititi. Nzima! Nimemweleza Daktari Zulma kwamba mstari umo, umo humo humo gizani. Hakushawishika. Ya Rosina ina mstari mmoja, mwembamba, safi, wa kutundikwa sebuleni. Akanipigapiga begani, eti ya kale ni dhahabu, Wilmar. Kisha Daktari akauliza mbona koti langu linanata na kunukia karameli. Akatia mkono mfukoni, akatoa kichupa kimepakaa jamu. Lo! Akasema mtaka yote kwa pupa hukosa yote, mwanangu: Rosina akapange sanduku, wewe kaoshe vyombo. Na mimi nilishawaaga nyumbani! Nilijifungia stoo, nikalia kidogo.

Jumatatu, 16 Juni

Naosha chupa. Rosina katuma picha ya bahari ya Valparaíso. Sijaitazama. Nimeitazama mara moja tu. Daktari kaagiza kingamwili nyingine, nami nimejichunguza bila upendeleo. Mpango ulikuwa mzuri. Kosa lilikuwa jamu: nani asiyependa jamu? Safari hii kichupa nitakificha mahali pasipoguswa na mtu. Nimeshapaona, hapo hapo jikoni. Kwenye kopo la yerba.